Golandam, fundi wa hodhi asiyemwaga maji yote

Jua halijavuka ukuta wa ua, na Golandam Abyari tayari amezama hadi magotini. Suruali ameikunja, mtandio ameufunga kisogoni kama mtu anayejiandaa kwa ugomvi, na mkononi ana kopo la bati alilolikata mdomo mwenyewe. Anachota tope kutoka chini ya hodhi, analinusa, analitia kwenye karai.

"Hili halijaoza," anasema. "Hajati, mwaka huu mkomamanga wako utalewa."

Hajati Monavvar, mwenye nyumba, ameketi kwenye ngazi, glasi ya chai mkononi, kipande cha sukari kati ya meno. Amemwona Golandam akifanya kazi hii tangu akiwa msichana, na bado anamkodolea macho kama anayemlinda mwizi.

"Kwanza nitolee maji yote, ndipo unisifie mkomamanga."

"Yote sitoi."

"Kila mwaka unaniambia yote sitoi."

"Na kila mwaka samaki wako wanavuka salama. Au nasema uongo?"

Hajati anapuliza chai.

Kando yao, chini ya kivuli cha ukuta, kuna sufuria pana ya shaba iliyofunikwa kitambaa kibichi. Ndani yake samaki wekundu kumi na mmoja wanazunguka polepole katika maji yao wenyewe, wale waliolala chini ya hodhi majira yote ya baridi. Mmoja ni mkubwa kama kiganja cha mwanamume na ana doa jeupe mgongoni. Kila mara mkia wake unapogusa shaba, Golandam anageuza shingo.

Ni wiki ya mwisho kabla ya Nairuzi, mwaka mpya wa Kiajemi, na mji mzima wa Kashan unakung'utwa. Mazulia yananing'inia kwenye mapaa, mapazia yameshushwa, vumbi la mwaka mzima linatoka kwa mikono na fagio. Katika nyumba za zamani nyuma ya soko la wafua shaba, zile zenye ua katikati na hodhi katikati ya ua, huu ndio msimu wa Golandam.

Wapo wanaopenda kuandika kwamba kazi ya kuchota hodhi imekufa. Ni rahisi kuandika hivyo ukiwa umeketi ghorofani. Wangeshuka wakasimama kwenye vichochoro hivi asubuhi moja tu, wangeisikia sauti inayopanda juu ya kuta za udongo, nzito kidogo, yenye mkwaruzo, ikivuta silabi ya mwisho mpaka njiwa wanaruka: "Maji ya hodhi tunachotaaa!"

Sauti hiyo aliirithi. Baba yake, marehemu Usta Heybat, yaani fundi Heybat, alichota hodhi za mtaa huu enzi ambazo pampu haikujulikana, ndoo juu ya ndoo, mpaka siku mgongo wake ulipokataa kunyooka. Hakuwa na mtoto wa kiume. Golandam alikuwa na miaka kumi na tisa.

"Alilala pale mkekani akawa analia," anakumbuka. "Si kwa maumivu. Alikuwa analilia hodhi. Anasema, nyumba ya fulani maji yameshakuwa mazito, nyumba ya fulani samaki wanapanda juu kutafuta hewa. Nikamwambia, baba, nipe ndoo, nyamaza."

Wanaume wa sokoni walicheka. Mmoja alimwuliza kama Heybat amekosa punda. Golandam alimjibu kwamba punda wa mtaa alikuwa mmoja tu, na yuko sokoni anauliza maswali.

Wanawake hawakucheka. Wao waliona faida mara moja. Milango ya zamani ya Kashan ina vigongeo viwili, chuma kizito cha wanaume na pete nyepesi ya wanawake, na sauti zake hazifanani. Mchota hodhi wa kiume akigonga chuma, ndani watu wanakimbilia mitandio, wasichana wanajifungia vyumbani, na kazi ikianza, mama mwenye nyumba hapumui mpaka iishe. Golandam anagonga pete. Mlango unafunguliwa na mtu aliyeshika kisu cha kukatia vitunguu, nywele wazi, na maneno ya kwanza ni "Usta, usichoke! Umekula?"

Aliolewa, akapata binti, akaachika. Mumewe alimpa chaguo, yeye au ndoo.

"Ndoo haijawahi kuniuliza nilikuwa wapi," anasema, na anacheka mpaka maji ya hodhi yanatikisika.

Leo ana miaka hamsini na miwili, pampu ndogo iliyofungwa kamba mahali pa boliti, na magoti yanayolia akipanda ngazi. Kwa hodhi moja anatoza tomani laki nane, ambazo ukizipeleka buchani utarudi na kilo moja ya nyama ya kondoo, mfupa humo humo. Msimu ukipita anakwenda milimani kuchuma waridi kwa wakamua marashi. Vuli anafua mazulia. Binti yake, ambaye sasa ni muuguzi, amemwambia mara nyingi aache.

"Namwambia nitaacha. Kisha nanusa hewa ya mwezi wa mwisho wa mwaka, naona miguu yangu imeshatoka nje."

Hesabu inayomuumiza ni nyingine. Baba yake alikuwa na hodhi zaidi ya mia mtaani hapa. Yeye amebakiwa na zisizofika ishirini. Nyingine zimefukiwa zikawa maegesho ya magari, nyingine zimepigwa saruji watoto wakachezea mpira juu yake, nyingine zimewekewa maua ya plastiki. Kila inayofukiwa huanza na maneno yale yale: samaki walikufa, basi tukaona hodhi ya nini.

Ndiyo maana hamwagi maji yote.

Mfumo wake haubadiliki. Kwanza samaki, kwa kimia laini, waingie kwenye maji yao ya zamani kivulini. Kisha pampu, lakini pampu inazimwa maji yanapobaki theluthi. Tope linatolewa kwa kopo na kupelekwa kwenye mizizi ya miti. Kuta zinasuguliwa kwa brashi ya nyuzi za mtende, si ya waya, na ukuta mmoja unaachwa na ute wake wa kijani. Maji mapya hayaingii kwa mpigo. Yanakaa juani kwenye mapipa siku kadhaa, yaache ukali wa bomba, kisha yanaingizwa kidogo kidogo.

Na hapo ndipo vita vinapoanza kila mwaka, kwa sababu Nairuzi haitaki kitu cha zamani ndani ya nyumba.

"Mtu amenunua viatu vipya, amepaka mlango rangi, ameotesha ngano kwenye sahani," anasema Golandam. "Halafu mimi namwambia maji ya mwaka jana yabaki uani kwake. Anaona kama nimemwachia takataka sebuleni. Nawaambia, nguo mpya utavaa wewe. Samaki amevaa maji. Ukimvua yote kwa mara moja ukamvika mageni, utamzika kabla wageni hawajamaliza karanga."

Kwa Hajati Monavvar vita hivyo vina uzito zaidi. Mumewe, mfumaji wa mahameli, ndiye aliyewatia samaki hawa hodhini kabla hajafariki. Yule mkubwa mwenye doa alimwita Mahameli. Baada ya mazishi, mwana wao Siamak, dereva wa lori la mizigo ya bandari ya Bandar Abbas, alisema wazi kwamba hodhi ifukiwe. Majira ya baridi mama yake aliteleza kwenye barafu ya ukingo, akavunjika kiwiko. Na ua bila hodhi ungetosha kuegesha gari.

Hajati alimjibu mbele ya jamaa wote: "Samaki wa baba yako wakiwa hai, hodhi haiguswi. Siku wakiisha, leta udongo. Sitasema neno."

Mtaa mzima unalijua sharti hilo. Golandam analijua kuliko wote. Hodhi ya Hajati ndiyo kubwa kuliko zote zilizobaki, na wenye nyumba wa hapa huigana kama watoto wa shule. Hii ikifukiwa, nyingine hazitamaliza mwaka.

"Kwa hiyo nikiosha hodhi hii, nawahesabu samaki mara mbili," anakiri. "Lakini usimwambie Hajati. Ataniambia nazeeka."

*

Lililotokea asubuhi ya Nairuzi, mtaani wanalisimulia kila mmoja kwa namna yake. Wanachokubaliana ni hiki.

Siamak alifika usiku wa kuamkia sikukuu, amechoka, na zawadi za mama yake kwenye mfuko. Asubuhi Hajati alikwenda makaburini kumsomea mumewe, kama wafanyavyo wote kabla mwaka haujageuka. Siamak akabaki peke yake, akatoka uani na glasi ya chai, akaiona hodhi. Maji yana rangi ya mzeituni. Ukuta mmoja una ute wa kijani. Na mama yake alikuwa amemwambia kwa simu kwamba Golandam ameshaosha na ameshalipwa.

"Nilidhani amemdhulumu mama yangu," anasema Siamak. Ni mtu mpana, mwenye sauti ndogo kuliko mwili wake. "Nikasema ngoja nimfanyie mama kitu. Arudi akute hodhi inang'aa kama baba alipokuwa hai."

Akawatoa samaki, akamwaga maji yote. Akasugua kuta zote kwa brashi ya waya na chupa nne za dawa ya klorini. Akasuuza, akafungulia bomba mpaka juu, akawarudisha samaki. Hakupumzika. Hajati aliporudi na kuona buluu ile ikimeta katikati ya ua, alifunika mdomo kwa ncha ya buibui lake, machozi yakamtoka.

"Mikono yako isiumie, mwanangu," alimshukuru.

"Kichwa chako kisiumie, mama."

Kisha alisogea ukingoni na kuwaona samaki.

Golandam wakati huo alikuwa nyumbani, kichwa kimejaa hina na mfuko wa plastiki juu yake. Alisikia akiitwa kutoka paani. Alikuwa Esmat, jirani wa ukuta mmoja na Hajati, mwanamke ambaye habari hazijawahi kulala kwake hata saa moja.

"Golandam! Golandam, mtoto wa Heybat! Samaki wa Hajati wanalala ubavu!"

Alitoka vile vile, hina na plastiki, mtandio juu juu, kiatu kimoja cha kwake na kingine cha binti yake. Hakugonga pete wala chuma. Aliingia, akainama, akanusa maji.

"Nani ameosha?"

"Mimi," alisema Siamak.

"Kwa dawa gani?"

"Kwa klorini. Nilitaka ing'ae."

"Imeng'aa. Kama chumba cha kuoshea maiti."

Samaki walikuwa juu, midomo wazi, mashavu yakifunguka na kujifunga kama milango kwenye upepo. Mahameli alikuwa ameinama upande mmoja. Esmat alikuwa ameshashuka kutoka paani na kuingia uani, na alisema lile ambalo wengine wangelisema kesho yake.

"Kwani si ndiye aliyekuwa anataka kuegesha gari hapa?"

Siamak alimgeukia mama yake. Hajati alikuwa anatazama miguu yake mwenyewe.

"Mama. Mama, nitazame. Kama nilitaka kuwaua, si ningemwaga tu chupa nikaenda kulala? Kwa nini nivunje mgongo asubuhi nzima nikisugua?"

"Ugomvi mtaufanya baadaye, siku kumi na tatu za sikukuu zote ni zenu," Golandam alisema. "We mwana, lete sufuria ya shaba. Esmat, hodhi yako niliisafisha juzi. Maji niliyokuachia yapo?"

"Yale machafu?"

"Yale yale machafu uliyonisonyea. Lete."

Esmat alikwenda mbio. Sufuria ikajaa maji ya kijani kutoka nyumba ya jirani, na Golandam akawahamisha samaki mmoja mmoja kwa mikono mitupu, akihesabu kwa midomo bila sauti. Lakini sufuria si makao. Samaki kumi na mmoja wangemaliza hewa yake kabla ya alasiri, na maji ya hodhi yote ilibidi yamwagwe. Kuijaza tena kwa bomba kungekuwa kuwaua mara ya pili.

Ndipo alipopanda paani. Wanaomjua wanasema hawajawahi kumsikia akiita namna ile. Alisimama kwenye ukingo, plastiki ya hina inameta juani, akavuta pumzi, na akabadilisha maneno ya baba yake.

"Maji ya zamani! Nileteeni maji ya zamani ya hodhiii! Kwa Hajati Monavvar! Maji ya zamani!"

Watu walitoka milangoni. Ilikuwa saa ambazo hakuna anayetoka. Meza zilikuwa zimeshatandikwa, tufaha na vitunguu saumu vimepangwa, watoto wamechanwa nywele na kukatazwa kuketi chini. Na kwa desturi ya hapa, kitu anachofanya mtu mwaka unapogeuka ndicho atakachokifanya mwaka mzima, kwa hiyo kila mmoja hutafuta kuwa ameketi vizuri, amenyamaza, amevaa kipya.

Walikuja. Walikuja na ndoo, na makopo ya mtindi, na beseni la kufulia, na birika kubwa la chai, na mzee mmoja alikuja amekumbatia beseni la kuogeshea mjukuu. Katika kila nyumba yenye hodhi, maji ya mwaka jana yalikuwepo, kwa sababu Golandam alikuwa ameyaacha kwa nguvu, kwa ugomvi, kwa kusonywa na kuitwa mvivu. Wale wale waliomlaumu walikuwa sasa wanayabeba kwa mikono miwili ili yasimwagikie suti zao mpya.

Siamak hakungoja kuambiwa. Aliyavuta maji ya klorini kwa pampu mpaka tone la mwisho, akayapeleka kwenye mtaro wa nje, mbali na mkomamanga. Alisuuza kuta mara tatu. Kisha akasimama mlangoni akipokea ndoo na kukimbia nazo, kila ndoo, shati lake jipya limeng'ang'ania mgongo.

"Mimina kutoka juu!" Golandam alimpigia kelele. "Juu zaidi! Maji yapige maji, yameze hewa. Wewe ni dereva au bwana harusi?"

Katikati ya hekaheka aliingia Qodrat, fundi viatu wa mwisho wa kichochoro, na ndoo mbili zilizojaa mpaka ukingoni. Maji yake yalikuwa meupe kama glasi.

"Ya wapi haya?" Golandam aliuliza.

"Ya bomba, Usta."

"Rudi nayo."

"Usta, sina mengine."

"Najua huna. Wewe ulipiga saruji juu ya hodhi yako, mimi nikiwa nimesimama pale nakusihi."

Qodrat hakurudi nyumbani. Aliziweka ndoo chini, akaegemea ukuta, akatazama majirani wakipita mbele yake mmoja baada ya mwingine. Mara mkewe alimwita dirishani aje aketi mezani. Hakwenda.

Hodhi ilipofika theluthi, Golandam aliwashusha samaki. Yeye mwenyewe aliingia na nguo zake. Mahameli alikuwa hajitegemei. Akamshika katikati ya viganja, wima, akawa anamsogeza mbele taratibu, mbele, mbele, ili maji yapite mashavuni. Hina ilikuwa inamtiririka shingoni nyekundu nyekundu, na mtoto mmoja aliuliza kwa hofu kama Usta ameumia.

Televisheni ya Esmat ilikuwa inasikika juu ya ukuta. Dua ikasomwa. Mzinga ukalia. Mwaka ukageuka, na mtaa mzima ulikuwa umesimama uani kwa Hajati, umelowa, na ndoo mikononi.

"Tumekwisha," alisema Esmat. "Mwaka mzima tutabeba maji!"

"Inshallah mbebe," alijibu Golandam kutoka hodhini bila kuinua kichwa. "Na mimi nile mkate."

Kicheko kilianzia kwa yule mzee wa beseni, kikasambaa. Watu walipeana mikono yenye maji, wakabusiana mashavu, wakatakiana heri. Hajati peke yake hakucheka. Alikuwa amepiga magoti ukingoni, kwenye jiwe lile lile lililomvunja kiwiko, anatazama viganja vya Golandam.

Samaki wanne walikufa kabla ya magharibi, wote wadogo. Golandam alitoka hodhini jioni, vidole vimekunjamana kama ngozi ya tende kavu. Alikuwa amemwachia Mahameli mara kadhaa, na kila mara alilala ubavu. Mara ya mwisho alilala, akajinyoosha, akapiga mkia mmoja, akaenda chini kwa nguvu zake mwenyewe.

"Amekwenda," alisema Golandam.

"Amekufa?" Hajati alishtuka.

"Amekwenda zake, mama! Ametuchoka."

Siamak alikuwa amekaa kwenye ngazi anakamua shati.

"Mama," alisema, "lile sharti lifute. Hata wafe wote, hodhi hii siifukii."

Hajati alimtazama, mara ya kwanza tangu asubuhi.

"Ndivyo ulivyosema kuhusu sigara."

"Mama!"

"Nenda ukabadilishe nguo. Utapata homa, nami nitaambiwa nimekuua."

Lakini alipopita karibu naye aliweka mkono juu ya kichwa chake kilicholowa, na akauacha hapo kwa muda. Kisha akaingia jikoni kupasha moto wali wa majani na samaki wa sikukuu. Esmat aliuliza kama kweli leo kuna mtu atakayeweza kumla samaki. Golandam alisema yeye ataweza, aletewe na mifupa.

Malipo? Hajati alitoa. Golandam alisema si kitu. Hajati akaapa. Golandam akaapa zaidi. Walikwenda hivyo mpaka mlangoni, na Golandam alipofika nyumbani alikuta noti zimekunjwa ndani ya kiatu cha binti yake.

*

Siku moja baada ya sikukuu kuisha, pete ya mlango wa Golandam iligongwa kwa namna ya mtu asiyeizoea. Alikuwa Qodrat. Alikuwa amegonga pete, anasema, kwa sababu aliona haya kugonga chuma.

"Usta, nimekuja kuhusu ile saruji."

"Imepasuka?"

"Haijapasuka. Nataka uipasue."

Mkewe alikuwa amemnunia tangu Nairuzi. Si kwa kukosa mezani. Kwa sababu mtaa mzima ulibeba maji kwenda kwa Hajati, na nyumba yao ndiyo pekee iliyosimama na ndoo zisizotakiwa.

Wiki hii ndiyo kazi iliyo mikononi mwa Golandam. Qodrat anapiga nyundo, yeye anatoa vifusi, na wanagombana mchana kutwa. Chini ya saruji wameikuta hodhi ya mababu, ndogo, ya pembe nane, vigae vyake vya buluu vimechubuka lakini vipo. Golandam amevipangusa kwa mkono kimoja kimoja. Kuna nyufa mbili za kuziba. Baada ya hapo hodhi itajazwa na kumwagwa mara kadhaa, saruji mpya iteme ukali wake. Kazi ya majuma.

"Na samaki?" aliuliza mke wa Qodrat jana, akiwaletea chai juu ya kifusi.

"Samaki hata usiwataje," alisema Golandam. "Kwanza nataka maji. Theluthi ya maji ya zamani, ya hodhi za mtaani. Kila nyumba itatoa ndoo. Nimeshapita, nimeshawaambia. Esmat amesema atatoa mbili, aonekane."

Anakunywa chai yake. Anakuna goti. Akiulizwa baada ya hii anataka nini, anaonyesha kwa kidevu upande wa pili wa kichochoro, kwenye nyumba yenye mlango wa chuma cha kijivu ambako nako, anasema, iko hodhi nzuri chini ya maua ya plastiki. Mwenye nyumba bado hajui. Ataelezwa.

Simu yake inalia mfukoni. Ni Siamak, yuko njiani na shehena ya mbao, na injini ya lori inanguruma nyuma ya sauti yake ndogo. Anataka kujua kama maji yameshaanza kubebwa.

"Bado," anamwambia Golandam. "Juma la pili la mwezi ujao, Mungu akipenda."

"Usta, nakuomba. Ya kwetu yasibebwe na mtu mwingine. Nakuja."

"Na mzigo wako?"

"Mbao haziozi."

Golandam anafunga simu na kumgeukia Qodrat, ambaye ameshusha nyundo ili asikilize vizuri.

"Piga, piga, simu si yako," anasema. "Ndoo ya Hajati imeshapata mgongo wa kuibeba. Bado nyingine zote."